Kabla Hujafika

Karatasi yako mlangoni nimeibandika mimi, leo asubuhi,
chumba namba mia nne kumi na mbili.
Ligaya alilisoma jina akaishia njiani,
akaniuliza: hili linaliwa au linavaliwa?
Nikamtamkia polepole, She-mndo-lwa,
Salhina Shemndolwa,
mara tatu, mpaka korido ikalizoea.

Hunijui. Mimi ni yule wa toroli na ndoo ya bluu,
mzaliwa wa Kasulu, mwaka wa kumi na moja hapa Saskatoon.
Usambara sijafika,
ila peasi zenu nazijua: niliuziwa tatu stendi ya Segera,
moja imeoza.

Kwangu saa nne asubuhi, kwenu saa moja usiku.
Begi liko kitandani, limefunguliwa tena.
Mama anaingiza, wewe unatoa,
mizani mmeiazima kwa muuza mchele,
kilo ishirini na tatu, na tangawizi bado haijaingia.
Shangazi ana neno moja tu: baridi.
Analitaja kama mtu amtajavyo mdeni sugu.

Na koti. Bila shaka umenunua koti,
jeusi, zito, la mtumba,
ukalijaribu juani jasho likikutiririka,
muuzaji akikucheka: dada, unakwenda kuwinda dubu?
Kila mwezi wa tano, vyumba hivi vikihamwa,
makoti huachwa yakining'inia
kama watu waliochoka kusubiri.
Nayakusanya, nayapeleka kwenye sanduku la misaada
karibu na kituo cha mafuta.
Huko mbele sijui. Wengine husema meli, wengine marobota.
Ukipapasa mfuko wa ndani
ukakuta tiketi ya basi la hapa, usishangae sana.
Koti linarudi kwao.
Mgeni ni wewe.

Godoro nimeligeuza. Dirisha halifunguki, usipigane nalo,
barafu imelishika tangu Novemba.
Kitasa kitakupiga shoti. Si uchawi, ni hewa kavu,
gusa kwanza kwa ufunguo.
Chaja yako haitaingia ukutani.
Pasi ya mjomba iache huko huko, mwambie nimesema mimi.

Kanuni za Bwana Petryshyn zasema tusiache kitu chumbani
ila karatasi za choo na harufu ya sabuni.
Nimeacha kopo.
La plastiki, la kijani, nyuma ya bomba la sinki,
maana najua siku ya kwanza utasimama humo msalani
ukitazama huku na huku,
na hakuna wa kumuuliza.
Ligaya aliliona. Hakusema neno.
Alirudi kupangusa kioo ambacho tulishakipangusa.

Sijui kama tutasalimiana.
Wanafunzi hupita wameziba masikio,
nami huinamia sakafu, kazi yenyewe ndivyo ilivyo.
Huenda ukasema hai, kama wengine.
Huenda macho yako yakatua hapa kifuani,
kwenye kibandiko kilichoandikwa BUKURU,
shikamoo ikakutoka kabla hujaifikiria.
Siidai.

Jambo la mwisho, kwa kuwa ndege yako inatua usiku
na Januari hii jua linaondoka mapema kama kibarua aliyelipwa:
ukifungua mlango, swichi iko kushoto,
usawa wa bega.
Usiibonyeze kwenda chini kama nyumbani.
Huku, mwanangu, chini ni giza.
Inyanyue.